Ndoo Tulizozihesabu Kama Kura

Ndoo za watu zilijaa uani kwetu Lyamkena likizo ile ya mwezi wa sita, mpaka baba akawa anapita ubavuubavu kwenda bafuni. Za bluu, za njano, na moja nyeupe iliyowahi kubeba rangi ya kupaka nyumba. Kila moja ilikuwa na alama yake ya rangi ya kucha, msalaba au nukta, maana huku ndoo isiyo na alama ikipelekwa bombani inaweza kurudi nyumbani na mtu mwingine. Asubuhi mama alisimama na kikombe cha chai akizitazama kama mtu anayetazama mahindi yake yamekomaa.

"Hizi ni kura," aliniambia. "Usizicheke."

Sikuwa nacheka. Mimi mbele za watu sicheki wala siongei, ndiyo maana naandika.

Mama ana mgahawa karibu na maegesho ya malori, Makambako mjini. Kwa miaka alitaka kitu kimoja, awe diwani, na sababu yake ni bomba la mtaani kwetu, linalotoa maji siku linapojisikia. Uchaguzi uliopita wanachama wenzake walimpa kura nyingi, halafu jina likaenda vikao vya juu, likarudi limekatwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Na bila chama hugombei kitu, ndivyo sheria inavyosema. Kwa hiyo iliposikika kwamba nchi nzima itapiga kura ya maoni, na kwamba Ndiyo ikishinda mtu ataweza kugombea bila chama, mama akaanza kufunga mgahawa mchana kweupe. Hakutumwa na mtu. Alisema tu kwamba safari hii hakuna wa kumkata jina.

Mtaani petu watu walishamjua. Tukaenda vijijini alikozaliwa, upande wa Igwachanya, maana kura ya maoni haiulizi unatoka kata gani. Tulipanda Hiace mpaka barabara inapoachana na njia ya mashambani, halafu tukatembea kwenye ukungu, nyumba kwa nyumba. Kazi ya kueleza ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma somo la uraia. Nilikuwa natamani ardhi inimeze. Sauti yangu ni ndogo, wazee walilazimika kuinama na kutega sikio, na mama alisema hiyo ndiyo bahati yetu, kwamba wenye vipaza sauti wanasikika lakini hakuna anayewainamia. Nikimaliza Kiswahili changu cha shule, yeye alirudia yote kwa Kibena, kwa urefu, na vichekesho ambavyo mimi sikuwa navyo.

Watu waliitikia. Ee. Ndiyo, mama. Ni kweli kabisa. Na tulipoaga, mwenye nyumba aliingia ndani akatoka na ndoo ya viazi, au parachichi, au mahindi, akasema ndoo mtarudisha mkipita. Hakuna hata nyumba moja iliyotukatalia. Wakati wa kurudi mama alitembea kwa haraka kuliko mimi, na ndoo kichwani, anasema mtu hakupi chombo chake kama hataki urudi kwake.

Baba ni mtu wa kuja, kwao Singida. Jioni moja alizitazama zile ndoo akasema, "Huku kwenu hata mtoza ushuru anaondoka na viazi."

Mama alimjibu kwamba ameishi na Wabena miaka yote hii na bado hajawaelewa. Nilikuwa upande wa mama. Mtu aliyezaliwa pale ndiye anayejua, si ndiyo?

Halafu ikaja siku ya redio. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mgahawa umejaa wapakiaji wa mbao. Mtangazaji alisema kura ya maoni imeahirishwa, tarehe mpya itatangazwa. Alisema hivyo tu, akaendelea na habari za mpira. Mimi nilikuwa naosha sahani. Nilingoja mtu aweke kijiko chini. Wote waliendelea kutafuna.

Zamani kidogo, mmoja wa wale wapakiaji ndiye aliyeanza kumwita mama Mheshimiwa, na mama alikuwa anapenda, ingawa alijifanya hapendi. Siku ile akasukuma bakuli lake.

"Mheshimiwa, ongeza supu."

Hapo ndipo walipocheka, benchi zima. Mama alichukua bakuli, akaongeza supu, akaweka na kipande cha nyama ambacho hakuombwa. Nilimchukia yule mtu. Na mama nilimkasirikia kidogo, kwa ile nyama.

Zikabaki ndoo. Kwetu ukimrudishia mtu chombo chake kitupu umemtukana, na mama hakuwa tayari kupoteza na heshima juu ya mengine. Akafungua stoo ya mgahawa. Ndoo hii maharage, hii mchele, hii sukari na chumvi. Wiki ile wateja walikula ugali na kabichi, wakanuna, wengine wakahamia kwa jirani. Tulirudi njia ileile, safari baada ya safari, ila sasa mimi sikuwa na la kueleza. Watu walipokea, wakachungulia ndani ya ndoo, wakashukuru. Kijana mmoja tu ndiye aliyesema kwamba yeye alidhani ingerudi na maji. Mama akamwambia maji yameahirishwa.

Ndoo ya mwisho, ya bluu yenye msalaba mwekundu, ilikuwa ya bibi mmoja anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Yeye ndiye aliyeniinamia kuliko wote tulipopita mara ya kwanza, akanishika mkono wakati naongea. Nyumba yake nilikuwa nimeihesabu kuwa Ndiyo kuliko zote. Tulimsalimia, akatukaribisha jikoni kwenye moto, akamimina maharage kwenye ungo. Mama alikuwa mlangoni anajitoa tope kwenye viatu. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Bibi, kura ingepigwa, ungepiga Ndiyo?"

Hakushangaa. Alipanguza ndoo kwa kanga yake.

"Mjukuu wangu, mimi ningepiga anachosema mtendaji wa kijiji. Si ndiye anayeandika majina ya wanaopata mbolea ya ruzuku?"

"Sasa mbona ulitupatia viazi?"

"Mlikuja kwa miguu, na baridi ile. Ningewapa nini, mgongo?"

Alisema kwa upole kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilimtazama mama. Alikuwa ameacha kujitoa tope. Kiatu kimoja kilikuwa mkononi na mguu mmoja umeinuliwa, amesimama kama kuku kwenye mvua. Mwanamke aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, aliyetoka kumwekea nyama mtu anayemcheka, alikuwa amehesabu viazi vya mgeni kuwa kura. Alivaa kiatu, akacheka kidogo, akamwambia bibi kitu kwa Kibena ambacho sikukishika, na sikumwomba anitafsirie.

Tulipoaga, bibi aliingia ndani na ile ndoo. Nilijua kabla hajatoka. Akatoka nayo imejaa viazi, akanitwisha mwenyewe, akasema mtarudisha mkipita.

Safari hii mama alitembea nyuma yangu. Tulipokaribia barabarani Hiace ikaja.

Tarehe mpya haijatangazwa. Baba aliiona ile ndoo jioni, akaipita ubavuubavu kwa mazoea ingawa uani palikuwa peupe. Viazi tulishakula. Ndoo bado ipo kwetu, kwa sababu stoo haina tena cha kuiwekea, na tupu hatuwezi kuipeleka. Siku bomba likiamua kutoa maji, mama ananiamsha mapema niende nayo kwenye foleni. Naipanga kwenye mstari, nakaa pembeni na kuiona kwa mbali, msalaba wake mwekundu, ikisogezwa nyuma ya ndoo za wengine.