Mwenye Namba Yangu Mgongoni

Tangu nirudi Vitengeni, kila nikipita karibu na uwanja wa shule vijana wananirushia mpira. Wanataka nipige danadana. "Mchezaji wa kulipwa huyo, mwachieni nafasi!" Nami mpira wa miguu siuwezi, sijawahi kuuweza. Mara ya mwisho nilipojaribu kuwaridhisha, niliupiga ukaenda kugonga bati la choo cha walimu. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akauliza kama kule Australia wachezaji hununuliwa kwa kilo.

Mimi nilicheza mchezo mwingine. Wenyewe wanauita futiboli, lakini mpira wake una umbo la papai, uwanja ni wa mviringo, na magoli ni nguzo nne zisizo na wavu wala kipa. Unaudaka kwa mikono, unaupiga kwa mguu, unakimbia nao, unakumbwa, unaangushwa. Na mpira ukiwa juu, una ruhusa kumpanda mwenzako mabegani ili uudake. Nimewaeleza watu haya mpaka nimechoka. Husikiliza kwa adabu, kisha huniuliza nilifunga mabao mangapi.

Kuruka ndiko kulikonipeleka. Nilipokuwa sekondari Kilifi nilicheza voliboli, na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyetoka Australia akawa anakuja kututazama mazoezini. Akaniambia miguu yangu inapotea bure. Akaandika huku na huku, nikaitwa kujaribiwa, nikachukuliwa. Baba alinisindikiza hadi uwanja wa ndege Mombasa akiwa amevaa koti lake la harusi, na jua lile lote. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tuliagana sisi wawili tu.

Kule nilipewa nyumba yenye vyumba vingi kuliko vyombo vyangu. Wenzangu wa timu walikuwa watu wema, sitawasingizia. Lakini baada ya kila mechi mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulifunguliwa, wakaingia wazazi wao. Mama mtu na mkebe wa biskuti, baba mtu akimwonyesha mwanawe kwa mikono pale alipokosea. Mimi nilifungua kamba za viatu polepole, nionekane nina shughuli. Nje watu wengi kuliko mji wetu mzima wa Ganze walikuwa wametoka kunishangilia, na hakuna hata mmoja aliyejua kwetu tunakula nini. Nilitaka mtu mmoja tu wa nyumbani anione nikicheza. Si lazima auelewe mchezo wenyewe.

Siku moja, tukiongea kwa simu, baba aliniuliza atanijuaje kwenye runinga. Nikamtajia namba ya mgongoni. Sikutilia maanani, maana ni nani huku angeonyesha mchezo ule? Kisha baada ya miezi akanipigia mwenyewe, yeye ambaye siku zote hunibip nimpigie mimi. Nyuma yake kelele tupu.

"Baba, nimekuona!" alipiga ukelele. Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la babake, kama ilivyo desturi yetu Wagiriama. "Nimekuona kwa macho yangu! Nachinja mbuzi!"

Simu ikakatika. Nilikaa chini jikoni nikalia kwa furaha. Nikasema moyoni, basi ile hoteli ya stendi ya kwetu, wanakotazamia runinga, imepata dishi jipya.

Tokea siku hiyo sikucheza tena peke yangu. Nikiingia uwanjani, najua baba yuko mahali amekunja miguu, ananitazama. Mpira ukipaa namrukia mtu yeyote, awe na urefu gani. Waandishi wa kule waliandika kwamba nimepevuka. Kumbe nilikuwa najionyesha kwa babangu, basi.

Goti liliharibika katika mruko wangu mzuri kuliko yote. Nilimpanda jamaa mmoja mrefu kama mnazi, nikaudaka mpira juu kabisa, nikashuka kwa mguu mmoja. Nikapasuliwa. Nikajaribu kurudi, nikapasuliwa tena, na mara zote mbili nikamwambia baba kwa simu kwamba ni jambo dogo. Mwishowe klabu ilinishukuru, ikanipa mkono, nami nikafunga mizigo.

Jioni niliyofika, majirani walijaa uani. Tulipokuwa tunakula sima na kuku, baba akaanza kusimulia. Alisimama kabisa.

"Beki akamjia hivi, akamla chenga. Akatoa pasi, akakimbilia ndani. Krosi ikaja, baba huyu akaruka, akapiga kichwa! Wavuni!"

Tonge likanibaki mkononi. Nikamuuliza taratibu, "Baba, kwani ulitazama mechi gani?"

"Si ile ya timu ya taifa ya Australia! Hotelini pale stendi. Mweusi, namba yako mgongoni. Nikawaambia ndiye huyo, amenenepa kidogo tu."

Majirani wakaitikia kwamba kweli, nilikuwa nimenenepa. Nilicheka nao, nikanawa mikono, nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale, nyumbani kwetu, nikisikia sahani zikikusanywa. Mechi zile zote nilicheza bila mtu, ila sikuambiwa. Na nilimwonea wivu yule mchezaji nisiyemjua, aliyechinjiwa mbuzi wetu bila hata kuonja supu.

Asubuhi sikuweza kuvumilia. Nilimkuta baba uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, baba. Umelalaje?"

Nikamwambia yule hakuwa mimi. Nikakaa karibu naye, nikamfungulia simu yangu nimwonyeshe video ya ule mruko. Aliisogeza mbali kidogo na macho, akakunja uso.

"Mbona wanadaka kwa mikono? Refa amekufa?"

"Ndio mchezo wenyewe."

"Na wewe uko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikaruka, nikampanda yule mrefu, nikaudaka, uwanja mzima ukasimama. Nilikuwa namtazama baba usoni, nikingoja ashangae.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akataka tena. Ndipo nilipogundua kwamba mruko wenyewe hautazami. Alikuwa anangoja ninaposhuka. Akabonyeza kioo kwa kidole chake chenye vumbi la mahindi, picha ikasimama, nami nimelala pale nimeshika goti, mdomo wazi.

"Hospitali ulilala na nani?"

"Kulikuwa na manesi, baba."

"Nesi ni wa wodi nzima. Mimi nauliza, ni nani aliyekulalia?"

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kuna mtu wake hutandika mkeka chini ya kitanda, akamnywesha uji, akagombana na manesi kwa niaba yake. Hata mtu asiyependwa hupata wa kumlalia.

"Hapakuwa na mtu," nikasema.

"Na mara ya pili?"

"Hata mara ya pili."

Akanirudishia simu, akaendelea na mahindi yake. Hakuuliza lolote juu ya mchezo, wala hakumtaja tena yule mfungaji wake wa mabao. Nilikasirika, nisifiche. Nimemwonyesha kitu bora nilichowahi kufanya duniani, na yeye anapukuchua mahindi. Nilishinda mchana kutwa nikimkwepa.

Baada ya magharibi nilikuwa nimejilaza chumbani, nikasikia mlango ukisukumwa. Baba aliingia na mkeka kwapani, mkono mmoja mto, mkono mwingine kikombe cha uji. Alinipa uji. Akautandika mkeka chini, pembeni ya kitanda changu, akajishusha kidogo kidogo huku akiguna, mpaka akalala.

"Baba," nikasema, "goti lilipona zamani."

"Najua," akajibu, akijivutia shuka. "Lakini hukuuguzwa."