Vali ya Mtu Tusiyemlilia

Daktari alimuuliza mdogo wangu, nikajibu mimi. Ndivyo nilivyo: mtu akiulizwa jambo mbele yangu, mdomo wangu unatangulia.

Tulikuwa tumetoka Tukuyu mpaka hospitali kubwa ya mbali, kwa sababu ugonjwa wa utotoni ulikuwa umemharibia vali ya moyo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ana mwaka mmoja tu kwenye ndoa. Daktari alieleza polepole. Vali ya chuma hudumu sana, ila angekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Ilikuwepo pia vali iliyotolewa kwa mtu aliyefariki, ndugu zake wakaridhia. Hiyo huenda ingechakaa, apasuliwe tena, lakini haihitaji dawa ile na angeweza kuzaa.

"Unapenda ipi, binti?"

"Hiyo ya mtu," akasema mdogo wangu kwa sauti ndogo.

"Hapana!" nikadakia. "Sisi Wanyakyusa msiba hatuuchezei. Abebe kitu cha marehemu ambaye hatujamlilia wala kumzika? Mama atazimia. Weka chuma, daktari."

Daktari alimtazama yeye. Yeye alinitazama mimi, kaka mkubwa niliyemlea baada ya baba kufariki, akainamisha kichwa.

"Kaka akishasema, basi."

Upasuaji ulikwenda vizuri, nikatamba Kyimo nzima, kijijini kwetu. Tangu hapo mimba mbili zimeharibika, na ya pili nusura impeleke kaburini. Madaktari wamemwambia asijaribu tena. Najuta mpaka chakula hakipiti.

Mwezi uliopita nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nikamweleza yote, hata nilivyomfanya yeye kisingizio. Nilitegemea aniunge mkono. Akaweka kisu chini.

"Mimi uliniuliza lini?" akasema. "Mtu ampe mwanangu uzima, halafu mimi nimkatae? Tungeweka matanga hapa hapa, tukamlilia kama wa kwetu. Ningemwambia ndaga."

Ndaga ni asante yetu.

Mdogo wangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Namsalimia karibu kila siku, na maneno haya bado sijamfikishia. Naogopa ajue kwamba aliyemkataza kuzaa ni mimi peke yangu.