Nilivyokata Kamba za Mapasa

Najua wanawake wa soko la Kashikishi, hapa kando ya ziwa Mweru, wanaicheka habari hii mpaka leo, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (yupo anayedai nilipoteza sketi, na huo ni uongo, sketi ilibaki, kilichopotea ni kiatu kimoja), kwa hiyo nimeona bora niiseme mwenyewe, ingawa nikiisema masikio yananiwaka moto.

Mimi ni nesi wa watoto. Siku hiyo tulikuwa kwenye banda letu la chanjo karibu na soko, akina mama wamejaa mpaka nje, na wale wa kutoka Kongo wote wanaletwa kwangu kwa sababu mama yangu alikuja huku mkimbizi na Kiswahili chake nilikinyonya pamoja na maziwa. Nilijivunia hilo kupita kiasi, tena siku yenyewe msimamizi wetu alikuwa amekuja kutukagua, mwanamke asiyecheka, na tetesi zilisema anatafuta mtu wa kumpandisha cheo. Huyo mtu, kwa hesabu zangu, nilikuwa mimi.

Akaja msichana anaitwa Numbi, amebeba mapasa, yaani mapacha, wa kiume wa miezi minne, Kyungu na Kabange, nguo sawa, kofia sawa, maana mapasa ukiwatofautisha wanasema mmoja atakasirika na kuugua. Mama yao, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa bandarini akilinda mizigo, wanasubiri boti ya kwenda Kilwa, kisiwa cha humu ziwani. Numbi ni mdogo wake, ndiyo kwanza ana wiki moja nao, naye aliwatambua watoto kwa kamba walizofungwa mkononi, mmoja nyeusi, mmoja nyeupe.

"Ule wa kamba nyeusi njo Kabange," aliniambia, na "njo" kwao ni "ndiye". "Mama yao anasema huyu basimuchome. Sindano ya kwanza ilimuvimbisha mudomo, pumzi ikakuwa inakatika."

Na kadi iliandikwa hivyohivyo. Hili si jambo la mchezo, mtoto wa namna hiyo ukimrudia na chanjo ileile anaweza kukufia mikononi. Nikamwambia nimeelewa, nikamtuma meza ya pili akapange foleni ya kuandikiwa kadi, nikawalaza watoto kwenye mkeka.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Msimamizi akasogea, akatazama zile kamba, nami nikaona hapo ndipo pa kujionyesha. Nikachukua mkasi nikazikata zote mbili, nikazitupa kwenye ndoo, huku nikihubiri kwa sauti kwamba kamba zinashika uchafu na hapa kwetu tunafuata usafi. Kichwani nikajiambia: Kabange kushoto, Kyungu kulia, kuna ugumu gani hapo? Kisha mtoto wa mtu akatapika kwenye benchi, nikaenda kumwangalia, dakika mbili hazikufika, nikarudi, nikamchukua wa kulia, nikamchoma pajani na kumbandika plasta.

Numbi aliporudi akauliza, "Ule njo Kyungu?"

Niseme ukweli, nilimtazama yule mtoto usoni na sikuwa na hakika, lakini msimamizi alikuwa nyuma yangu na kalamu yake. Nikajibu, "Njo yeye." Kisheria mtoto akishachomwa anakaa kwanza tumwangalie, Numbi akasema boti inaondoka, nami (kwa kuwa nilitaka waende haraka na ule wasiwasi wangu uende nao) nikamruhusu.

Baada ya kitambo kidogo, Bana Mutale, mama wa kujitolea anayetupimia uzito, akaniambia, kwa namna ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba lile jua lilikuwa linawapiga mapasa machoni, ndiyo maana aliugeuza mkeka. Nikamuuliza aliugeuza vipi. Akanionyesha kwa mkono: kichwa kikaenda miguuni, kushoto kukawa kulia, nami hata kumbukumbu yangu ya nani nilimlaza wapi sikuiamini tena.

Sikumuaga msimamizi. Nilinyakua kijisanduku cha dharura chenye adrenalini, dawa ya kumrudishia mtoto kama huyo pumzi, nikakimbia, na njia fupi ya bandarini inapita pale wanapoanika chisense, vile visamaki vidogo, nami nikapita juu yake na viatu vyangu vyeupe, wenye samaki wakanitukana kwa Kibemba matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata wodi ya wazazi. Hapo ndipo kiatu kilipobaki. Nilipofika majini boti ilishasukumwa, fundi anavuta kamba ya injini, na mawazo yangu yote yalikuwa kwamba ikiwaka mtoto atafia katikati ya Mweru na mimi niliyesema "njo yeye" nitakuwa nimemuua. Nikaingia majini na yunifomu, maji yakafika kiunoni, sanduku juu ya kichwa, nikapiga kelele mbele ya bandari nzima:

"Mama wa mapasa, ngojeni! Nilichoma mutoto mumoja na sijue ni nani!"

Mama yao alikuwa anawanyonyesha wote wawili, kila mmoja na ziwa lake. "Kabange njo wa kuume," alisema, akamfunua paja, na hapo ilikuwepo plasta yangu. Mdomo ulikuwa umeshaanza kuvimba, pumzi inapiga filimbi. Nikapandishwa kwenye boti, nikamchoma adrenalini, kisha sote tukakaa tunamtazama, fundi na abiria na mimi ninayechuruzika maji. Halafu Kabange akalia. Sijawahi kukipenda kilio cha mtoto kama kile, na mimi nikalia kwa sauti kumpita.

Tulimkimbiza hospitali akalazwa, na jioni nikamweleza msimamizi kila kitu, pamoja na ile "njo yeye". Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilishalia mbele ya watu wengi mno. Cheo kikaenda kwa mwingine, nami miezi mitatu nilichoma watoto nikiwa nasimamiwa na binti niliyemfundisha kazi mwenyewe.

Kesho ya siku ile ya boti mama yao alikuja bandani. Wanawake wakasogea kusikiliza nitakavyotukanwa, nami nilikuwa tayari. Akaketi mbele yangu, akamfunua paja mtoto ambaye hakuwa amepata chanjo yake.

"Sista, huyu njo Kyungu. Namushika miye mwenyewe. Choma."

Nikamuuliza jina la mtoto mara ya pili, akalitaja, ndipo nikachoma. Tangu siku hiyo sichomi mtoto kabla aliyemzaa, au anayemjua kweli, hajanitajia jina lake, na nikiwa sijui ninasema sijui, hata kama msimamizi amesimama juu ya kichwa changu.