Mende wa Bawa Moja na Siku Maandazi Yalipochelewa

Mji wetu una sifa ya kufuga vitu vya ajabu. Hapa hapa Morogoro kuna panya wanaofundishwa kunusa mabomu. Wanatembezwa kwa kamba kama mbwa wa matajiri, na wageni wanatoka ng'ambo kuja kupiga nao picha. Hakuna anayehoji akili za wafugaji wao. Lakini mimi nilipofuga mende kwenye ndoo, ndugu zangu wote wakaanza kuulizana ni nani anayejua kuombea watu vizuri.

Kwanza tuelewane. Hawakuwa wale mende wa rangi ya chai wanaotimua mbio ukiwasha taa. Wangu walitoka milimani, kwa bibi mzaa mama, upande wa Kinole. Nilifunua ganda la mgomba lililooza nikakuta wamekaa kikao. Weusi tii, wanang'aa kama viatu vya mwanajeshi siku ya gwaride, miguu imeingia wekundu. Dume ana mabawa marefu yanayopita mkia. Jike hana bawa hata la dawa. Kajazia, mviringo, kama kobe mdogo aliyepakwa mafuta. Yaani hata aliyefeli biolojia mara tatu angejua yupi baba na yupi mama.

Bibi, ambaye huniita mume wake kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu, alinitazama nikiwatia kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

"Mume wangu," akasema, "wenzako wakishuka mjini wanashuka na ndizi. Wewe unashuka na mende. Kwani huko chini wameisha?"

Nyumbani ni Mafiga. Baba anafanya kazi Mzinga, kiwanda cha risasi, na jioni ile aliporudi amechoka alichungulia kopo langu akasema hana neno, mradi hawalipuki. Shida ilikuwa kwa mama. Mama anakaanga maandazi. Kila siku ya shule, saa nne ya chai, anaingia na ndoo yake nyeupe yenye mfuniko kwenye ofisi ya walimu ya shule ninayosoma. Wenzangu wakiambiwa walete mzazi wanakodi mjomba kutoka kijiwe cha bodaboda. Mimi siwezi. Mama yangu anajulikana pale kuliko kengele.

Sasa mtu anayeuza chakula hataki hata neno mende litamkwe barazani kwake. Tukawekeana mkataba wa mdomo. Mende watakaa banda la kuni, nyuma ya nyumba. Watakuwa kwenye ndoo ya rangi, ukingo wa ndani umepakwa mafuta ya mgando ili wateleze wakipanda, na juu kitafungwa kipande cha chandarua. Hakuna kumwambia mtu. Na siku atakapomwona mende mmoja tu ndani ya nyumba, ndoo nzima inaoga maji ya moto.

Nikawatunza kifalme. Trei za mayai za kujificha, pumba, maganda ya karoti, pamba iliyoloweshwa maji ili wanywe bila kuzama. Wakazaa. Watoto wao wakakua wakivua ngozi, wanavua na kuvua, kama watoto wa shangazi yangu na sare za shule.

Siku ya hukumu ilifika alfajiri moja. Mama alifungua mfuko wa unga akakuta mende. Alikuwa wa rangi ya chai, mzaliwa wa jikoni kwetu kabisa, hana undugu na wangu hata wa kunyonya. Nikajaribu kueleza tofauti.

"Mende ni mende," mama akasema, akainua sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya chai.

Nilimfuata hadi bandani pekupeku, nikiomba kama mtu ambaye nyumba yake inapigwa mnada. Akaweka tochi ya simu juu ya kuni, akafungua chandarua, akainamisha sufuria. Halafu akasita.

"Huyu mbona mweupe?"

Juu ya trei alikuwapo mmoja anatoka kwenye ngozi yake ya mwisho, ile inayompa utu uzima. Mende akitoka hapo huwa mweupe kama chaki, laini, mpaka apigwe na hewa ndipo arudie weusi wake. Nikamweleza mama. Akauliza, kama nyoka? Nikamwambia, kama nyoka. Akaweka sufuria chini. Akachuchumaa, nami nikachuchumaa kando yake.

Bawa la kushoto likaanza kujikunjua, taratibu, kama kitambaa kilicholowa kikinyooshwa na mikono usiyoiona. Likafika mkiani, likapita. Tukasubiri la kulia.

"La pili linachelewa," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayemngoja mgeni wake stendi.

Halikuja. Upande wa kulia ulikuwa umejaa, umeviringika, umetulia. Jike kamili. Kushoto mwembamba mwenye bawa, dume kamili. Katikati ulipita mstari kuanzia kichwani mpaka mkiani, kana kwamba mtu amechukua mende wawili akawagawa kwa wembe na kuwaunga nusu kwa nusu.

Mama akaniuliza basi huyu tumwiteje, baba au mama. Nikamwambia wote wawili, na nywele zikanisimama shingoni. Nimeshika mende wengi maishani mwangu. Wa hivi sikuwahi kumwona, na sikuwahi kukutana na aliyewahi kumwona.

Tuliponyanyuka pale, jogoo wa jirani alikuwa amemaliza zamu yake, na maji ya sufuria yalikuwa ya kunawia uso. Siku hiyo maandazi yalichelewa hadi walimu wakanywa chai kavu. Mama aliwaambia gesi iliishia njiani.

Ilibidi dunia ijue, na dunia yangu mimi ni mwalimu wa biolojia. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro, kwa sababu mimi na yeye tuna historia. Nikiwa kidato cha pili niliwahi kumpelekea mjusi wa mikia miwili. Alifurahi mno. Alimzungusha darasa zima, akaeleza maajabu ya viumbe kwa dakika nyingi, na alipomnyanyua aonekane vizuri, mkia mmoja ukabaki mkononi mwake kama tiketi ya basi. Gundi ya siku hizi haifai kabisa.

Kwa hiyo nilipoweka kopo la jamu mezani kwake, hata hakuinama.

"Safari hii ni gundi au mkasi?" akauliza.

Nikaapa. Nikamwonyesha picha niliyopiga kwa simu ya mama. Akasema siku hizi hata picha ya yeye mwenyewe amepanda simba anaweza kutengenezewa na akili mnemba. Nyuma yangu mmoja akauliza kama huyo mende anaingia choo cha wavulana au cha wasichana, darasa likabomoka kwa kicheko. Kwa kawaida utani wa namna hiyo ungekuwa wangu. Siku hiyo nilisimama pale nikagundua kuwa kuchekwa ukiwa unasema kweli hakufanani hata kidogo na kuchekesha.

Mwalimu akasema kubandika mkia ni upuuzi, lakini kumkata mdudu bawa ili watu wacheke ni ukatili. Mende abaki ofisini kwenye kopo lake. Kesho, saa ya chai, mzazi. Na ikithibitika ni mchezo tena, nikakae nyumbani mpaka nikome.

Nilipiga hesabu hiyo jioni nzima. Shahidi wa mende wangu alikuwa mmoja tu duniani. Ili aniokoe ilibidi asimame katikati ya wateja wake, wametafuna maandazi yake nusu, awaambie kwamba nyumbani kwake kuna mende. Biashara ingekufa palepale, kabla hata ya chai kupoa. Nikamfuata jikoni alipokuwa anakanda, nikamwomba aseme pole tu, mimi niadhibiwe, yaishe. Aliendelea kukanda, ila aliukanda ule unga kama umemtukana.

Kesho yake saa nne akaingia na ndoo yake kama siku zote, akawahudumia kwanza. Kila mwalimu alikuwa na andazi mkononi wakati mwalimu wa biolojia alipoanza kumsimulia kosa langu, kwa heshima, akimwita mama yangu kila sentensi. Akamaliza, akanigeukia. Gundi au mkasi?

Nikamwahi mama.

"Mkasi, mwalimu," nikasema.

Wote wakaniamini. Papo hapo, bila swali hata moja. Miaka yote nimekuwa nasema uongo kwa ufundi, wanapinga. Uongo mmoja wa kizembe, umepita kama maji. Madamu wa Kiswahili akatikisa kichwa kwa masikitiko na kuendelea kutafuna.

Mama akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwalimu, huyu mtoto ni mwongo. Nimemzaa mwenyewe, namjua. Lakini leo anadanganya kwamba amedanganya."

Nikamkanyaga mguu, kwa adabu. Akausogeza.

Akawaambia yote. Kwamba nyumbani kwake kuna mende, ndoo nzima. Madamu wa Kiswahili aliacha kutafuna, na macho ya ofisi yote yakateremka kwenye ndoo nyeupe iliyokuwa miguuni pa mama.

"Si ndoo hii," mama akasema.

Akaendelea bila kupandisha sauti. Akawauliza wanakumbuka siku ile aliyowachelewesha, akasema gesi imeisha? Gesi ilikuwepo. Alikuwa amechuchumaa bandani na mwanawe, anamtazama mende huyu akivaa bawa moja, na alisubiri la pili kwa macho yake mpaka maji ya chai yakapoa. Halikukatwa. Halikuja.

Mwalimu mmoja wa hesabu akaanza kurudisha andazi lake sahanini kwa siri, kidogo kidogo, kama mtu anayeweka kitu alichoiba. Mama akamwona.

"Wa kwangu najua waliko," akasema. "Wamefungiwa chandarua. Wa kwenu, walimu wangu, mnajua waliko?"

Nina hakika kila mmoja alikuwa analipekua jiko lake kichwani.

Mwalimu wa biolojia akachukua kopo la jamu. Akatoa lenzi kwenye droo, akainama, mkono mmoja lenzi, mwingine bado umeshika andazi. Akakaa hapo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa. Mende wangu akampungia kijipembe kimoja cha kupapasia.

"Hapa hapajawahi kuwa na bawa," akasema hatimaye.

Akawaita wenzake. Bawa likikatwa linaacha kisiki, akawaonyesha, na hapa hakuna kisiki wala kovu, pamezaliwa hivi. Akawapitisha kwenye ule mstari wa tumboni, kushoto dume, kulia jike. Akasema jambo hili lina jina refu la kitaalamu, na kwamba amelifundisha tangu mimi sijazaliwa bila kuwahi kumwona mwenye jina. Hakuniomba radhi, walimu hawajaumbiwa hilo. Alisimama wima, akalitazama andazi lake, akaling'ata, akatafuna mpaka likaisha, akaomba lingine.

Siwezi kusema biashara haikuumia. Kwa muda ndoo ilirudi nyumbani nzito, nasi tukala maandazi mpaka baba akaulizia kama mende hawayapendi. Kisha walimu wakachoshwa na mkate mkavu, wakarudi mmoja mmoja. Wa mwisho kurudi alikuwa yule wa hesabu, na mama alimpa kubwa kuliko yote.

Mende wa bawa moja aliishi mpaka akazeeka, anakula karoti, anakaguliwa na vidato vyote kwa foleni. Alipokufa mwalimu alimtia kwenye chupa ya spiriti. Yuko rafu ya juu ya maabara, bawa limetazama dirishani, na kwenye chupa pameandikwa jina langu. Nikipita pale napunguza mwendo, natembea kama mwenye nyumba.

Juzi mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa ameganda mbele ya chupa ile. Akanigeukia, macho yamejaa mashaka, akaniuliza kama kweli alizaliwa hivyo au kuna mtu alimkata.

Nje ya dirisha mama alikuwa anakatiza uwanja na ndoo yake nyeupe.

"Muulize yule," nikamwambia.