Maji Aliyoyamwaga Jepkoech

Sitti Fawziya nilimjua akiwa bado anakaa kwetu mtaa wa Ruwais, hapa Jeddah, kabla mumewe hajajenga mtaa wa Al-Rawdah. Milango yetu ilitazamana. Wanaodhani alizaliwa tajiri waje kwangu niwaambie: mimi ndiye niliyemwonyesha kukanda mahamri, naye akanifunza kupika samaki kwa ndimu kavu. Shule niliishia darasa la saba, huko Mombasa, lakini sisahau uso wala neno. Basi nikitoa habari za Jepkoech, mfanyakazi anayemwogesha Sitti, mengine nimeyaona na mengine kanisimulia mwenyewe jikoni kwangu, kila anapotumwa kuja kuchukua mahamri ya bibi yake.

Jepkoech ni mtu wa Baringo, karibu na Ziwa Bogoria. Alishukia Riyadh kwanza, kwa kafili, tajiri aliyemdhamini, mwenye watoto wengi na bafu nyingi, na huko ndiko alikofundishwa kusugua. Mtu akishaoga, maji yatolewe, hodhi lisuguliwe, likaushwe kwa kitambaa, hata kama mwingine yuko mlangoni na taulo begani. Brashi yake aliinunua sokoni Batha, ngumu kama miiba ya nungu. Alipohamia Jeddah kwa madam Ibtisam, binti wa Sitti, alikuja nayo mkobani. Nilimcheka. "Wenzako wanahama na picha za watoto, wewe unahama na brashi?"

"Bibi, hii ndiyo imeniweka kazini," akanijibu.

Wakati huo Sitti alikuwa ameshavunjika nyonga. Akawa anaoga kwa ndoo, ameketi kwenye kiti cha plastiki, wala hakutaka aonwe na mtu ila Jepkoech. Hata Ibtisam, mtoto wa tumbo lake, alikuwa akimfukuza mlangoni: "Nenda ofisini kwako huko, mwili wa mzee si televisheni." Kitu kimoja tu alikuwa akikililia. Kwao asili ni upande wa Al-Lith, ambako maji hutoka ardhini yakiwa moto, na alipokuwa msichana wanawake walikuwa na zamu yao ya kuingia. "Kabla sijafa," husema, "nikae tena ndani ya maji kama yale mpaka hapa." Na huonyesha kifuani.

Ibtisam alimpeleka Al-Lith mara moja. Wakakuta magari yamejaa na vijana wanachoma nyama. Sitti hakushuka hata garini.

Sasa, huo ndio mwaka wanawake wa hapa walipopewa ruhusa ya kuchukua pasi na kusafiri bila mwanamume kutia saini. Ibtisam alikuwa amekwenda Japani kikazi, na huko akasikia habari za nyumba ya wageni milimani yenye chumba kilicho na hodhi lake la maji ya chemchemi, umejifungia, hakuna jicho la mtu. Alipata nafasi ya usiku mmoja tu, maana siku nyingine zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Akamwambia kakake, Talal, aliyeko Riyadh. Talal akaja juu kwenye simu.

"Mama kizingiti kinamshinda, wewe unampeleka Japani akavuke hodhi?"

"Saini yako siihitaji, Talal."

"Nani kataja saini? Nimetaja nyonga! Akianguka huko, hatoki tena nyumbani maisha yake, na utajibu wewe."

Sitti alikuwa akisikia yote. Akaivuta simu. "Talal, mimi ndiye niliyekufundisha kukaa chooni. Halas, yameisha." Akakata.

Jepkoech alinijia akiwa na maswali yake. "Bibi, kuna watu wanaingia maji ya moto kwa hiari? Kwetu Bogoria, mbuzi akitumbukia mnatoa supu. Ndugu yangu Kipchumba anachemshia wageni mayai mle."

"Nenda ukaone, uje uniambie," nikamwambia. Nami nilitaka kujua.

Basi akaenda nao, akaniletea habari za huko. Viatu huvuliwa mlangoni, sakafu ni mikeka ya majani yenye harufu ya nyasi mbichi, meza ni fupi kama mbuzi ya kukunia nazi. Mama mwenye nyumba alipiga magoti kuwakaribisha. Jepkoech akaona haya kusimama mbele ya mtu mzima aliyepiga magoti, akapiga na yeye. Yule akainama, Jepkoech akainama zaidi. "Yalla," Sitti akasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, "mtainamiana mpaka paji la uso litoke damu?" Kisha Sitti akapelekwa chooni, akakuta maji yanaruka yenyewe kumtawaza. Akacheka hadi akashika mbavu. "Hawa watu walijifunza kwa nani?"

Mwenye nyumba hakujua Kiarabu, lakini alikuwa na simu inayomtafsiria. Akaanza kueleza taratibu za hodhi. Jepkoech hakuyasikia hayo, alikuwa akipandisha masanduku. Alipomaliza aliwaacha mama na binti wanakunywa chai, akaenda bafuni kutayarisha.

Akakuta hodhi la mbao limejaa, linafuka mvuke, na juu ya maji vinaelea vipande vyeupe, vyembamba, kama ngozi iliyobanduka mgongoni mwa mtu. Wageni waliotangulia wameoga, wameacha na magamba yao! Na Sitti aingizwe humo? Akapandisha mikono ya gauni, akavuta kizibo, maji yote yakaenda. Akatoa brashi ya Batha, akasugua kila ubao, akasuuza, akakausha kwa kitambaa kona zote. Kisha akatafuta bomba la kujazia. Bomba mafi, hakuna. Palikuwa na mfereji mdogo wa mwanzi ukutani, unatiririka taratibu kama mtoto anayekojoa na usingizi.

Mwenye nyumba alipoingia na mataulo alijiziba mdomo. Akaizungumzia simu yake, nayo ikatoa Kiarabu kwa sauti nzito ya kiume: "Maji haya hayatolewi. Yanaingia yenyewe na kufurika yenyewe. Vyeupe vinatoka ardhini, si vya mtu. Kujaa tena ni mpaka usiku mkubwa." Hodhi jingine lilikuwepo, lakini ni nje, chini ya ngazi za mawe. Na wao treni yao ni alfajiri, Sitti hulala baada ya isha.

Ibtisam akawa mwekundu. "Jepkoech! Nimegombana na kakangu, nimemvusha mama nusu ya dunia, wewe umeyamwaga?"

"Madam, niliona uchafu."

"Nani alikwambia uone?"

Jepkoech aliniambia hapo alitamani mkeka ummeze. Alibaki amechutama na brashi mkononi, hajui aiweke wapi.

Sitti akauliza kutoka chumbani, "Ni kavu?"

"Nini, Mama?"

"Hodhi. Ni kavu?"

"Kavu, Sitti," Jepkoech akajibu. "Nimelikausha."

"Chini panaonekana?"

"Panaonekana."

"Basi niingizeni sasa hivi. Maji yatanikuta mle."

Wakatazamana. Ibtisam mwenyewe alikuwa ameshaliona lile hodhi likiwa limejaa walipofika, na hofu ilikuwa imeshamwingia bila kusema: kina kirefu, chini hapaonekani, mbao zinateleza. Sasa mbao zilikuwa kavu, mguu unashika. Lakini kuvuka ukingo kulitaka watu wawili, mmoja ndani kubeba kwapani, mmoja nje kushika miguu. Jepkoech ndiye wa ndani. Wa nje ni nani?

Sitti alijifunga taulo, akalikaza kifuani. Mwishowe akamwambia binti yake, "Haya, njoo. Funga macho."

"Nikifunga macho nitakuangusha, Mama."

"Basi fumbua. Lakini usiseme kitu."

Ibtisam akasogea. Akaishika ile miguu, na lile kovu refu la nyonga ambalo hakuwahi kuonyeshwa, akaliona. Wakamvusha polepole, Jepkoech akamkalisha juu ya mbao na yeye mwenyewe akakaa nyuma yake awe egemeo.

"Nitatoka maji yakianza, Sitti. Mimi ni mfanyakazi."

"Na mgongo wangu nitauegemeza kwa nani, kwa Talal? Tulia."

Maji yakaja kidogo kidogo. Jepkoech alikunja vidole vya miguu, akingoja kuchemka kama mbuzi wa Bogoria, akakuta ni moto wa uji uliopoa kidogo. Yakafika vifundoni. Sitti akahesabu majina ya wasichana aliokuwa akiingia nao Al-Lith, nani alikuwa mwoga, nani alimwibia mwenzake kanzu. Ibtisam alikuwa ameketi ukingoni, mikono ya gauni imelowa, anauliza, "Ikawaje? Huyo aliyeibiwa akarudi nyumbani vipi?" Hadithi hizo hakuwa ameziomba tangu utoto. Yakafika magotini. Vile vyeupe vikaanza kuelea, Sitti akavichota kiganjani. "Na kwetu vilikuwepo. Tulikuwa tukiviita unga." Jepkoech akainamisha kichwa, lakini bibi alikuwa akicheka.

Yalipofika tumboni simu ikalia. Talal.

"Mama yuko wapi? Kaanguka?"

Ibtisam akamtazama mama yake. Maji yalikuwa bado hayajafika kifuani, na Sitti akajishusha mwenyewe begani kwa Jepkoech, akateleza chini mpaka yakamfika pale pale alipokuwa akionyesha siku zote.

"Mwambie," akasema, "niko Al-Lith."

Waliporudi Jeddah nilimuuliza Jepkoech mambo mengi, ninavyopenda kuuliza, na la mwisho nikauliza wanaoga vipi siku hizi. Akaniambia Al-Rawdah ndoo na kiti cha plastiki vimewekwa kando, sasa ni hodhi. Sitti huingizwa likiwa kavu, ndipo bomba hufunguliwa. Anayeshika miguu ni Ibtisam, anatoka ofisini mapema kwa ajili hiyo.

"Na brashi?" nikamuuliza.

"Brashi naitumia, Bibi. Lakini siku hizi nauliza kwanza."