Pakiti Iliyojaa Upepo

Chiu Hung-lin alikuwa mvivu wa aina yake: angehangaika wiki nzima ili akwepe kazi ya saa moja. Pale chuoni Tainan, idara ya elektroniki, alishaandika programu ya kumjibu bibi yake kwenye simu. Bibi akiandika "Umekula?", simu yenyewe inajibu, "Nimekula, nimeshiba." Siku bibi alipoandika "Mjomba wako kalazwa," simu ikajibu, "Nimekula, nimeshiba." Alisusiwa siku mbili.

Sasa ni mwaka wa mwisho, na mradi wake ni kifaa cha kutuliza umeme. Profesa Liao alitaka vipimo kila dakika mbili, asubuhi mpaka jioni, siku tatu mfululizo. Unabonyeza batani ya mita, unasoma namba, unaandika. Ukikosa, unarudia mwaka. Na bibi alishaagiza meza kumi na mbili za karamu ya Jumapili ya kumpongeza kwa kuhitimu, mtaa mzima umealikwa, mpaka yule jirani waliyenuniana naye tangu zamani.

"Nibonyeze mara mia tisa? Kidole hiki?" Hung-lin akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtoto wa mfalme.

Akaunda kidole cha bati chenye mota. Kinabonyeza, kamera inasoma namba, programu inaijaza kwenye jedwali. Yeye miguu juu.

Dada Wan-ju, mwanafunzi mkubwa anayesimamia maabara, akaja na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akaiweka juu ya mita. Ndiyo hirizi ya mafundi wa kwao: kila mashine pale ilikuwa na yake, ili itulie isilete ukorofi. Lazima iwe ya kijani, na tarehe isiwe imepita.

"Dada, kwani mashine ina meno?"

"Cheka tu, mdogo wangu. Ila usiile."

Jumatatu saa tatu asubuhi njaa ikamkaba. Akaila yote, akalamba na vidole. Kisha akaipuliza pakiti ikavimba, akaiziba kwa gundi ya karatasi, akairudisha juu ya mita. Huyo, kwenye mpira wa kikapu, na kila aliyekutana naye akamwambia, "Unavyoniona hapa, niko kazini!"

Jumanne asubuhi Profesa Liao akafungua jedwali.

"Hung-lin, kifaa chako kimekuwa mtawa?"

"Kivipi, Mwalimu?"

"Tangu jana saa tatu na nusu hakijatikisika hata kidogo. Namba moja mpaka jioni."

Wakaenda kwenye mita. Pakiti, nyepesi kama puto, ilikuwa imesukumwa na feni ikaangukia katikati ya kidole na batani. Kidole cha bati kilishinda kutwa kinakanda mto. Namba ya mwisho imeganda kwenye kioo, na kamera, kwa utiifu wake wote, inainakili.

Wan-ju akaiminya pakiti. Pfuuu! "Iliyojaa haipeperuki. Nani kaila?"

Hung-lin akatazama dari. Bahati mbaya kibodi yake ilikuwa imejaa unga wa mahindi.

"Mwalimu, nipe dakika kumi nirekebishe programu..."

"Programu haina kosa. Tumbo lako ndilo lina kosa. Leo Jumanne, unawasilisha Ijumaa. Siku tatu unazo. Safari hii, kidole cha nyama."

Hung-lin akavuta kiti. Wan-ju akaleta pakiti mpya, akambandika begani.

"Na hii ya nini tena, dada?"

"Ya mashine. Hapa korofi ni wewe."

Mara mia tisa, bwana! Wa maabara za jirani walikuja kumtazama wakiwa na chai zao mkononi. "Mashine, unaendeleaje?" Naye anabonyeza, anaandika, harufu ya unga wa mahindi wa kwenye kibodi inampanda puani. Simu ikalia: "Umekula?" Ikajibu yenyewe: "Nimekula, nimeshiba." Akatamani kuipasua.

Ijumaa akasimama mbele ya Profesa Liao, jedwali mkononi, pakiti begani. Profesa hakuanza na jedwali. Alinyoosha mkono akaiminya pakiti taratibu, akasikiliza vitafunio vikikwaruzana ndani.

"Imejaa," akasema. Akapitia namba mpaka ya mwisho, akaweka sahihi.