Avelina na Masharubu ya Grafu za Ulezi

Saa moja kasoro asubuhi, upepo wa Juni unapiga mabati ya mtaa wa Izia, Sumbawanga, na Avelina Kipeta ameshajifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani. Uji wa ulezi uko kushoto, kipanya kiko kulia. Kwenye kioo cha kompyuta kuna grafu ya zamani iliyoskaniwa, imepinda, ina doa la chai pembeni.

Anabofya mahali mhimili unapoanzia na unapoishia, anaandika namba zake. Halafu anaingia kwenye vitone. Kila kitone anakibofya katikati, kisha ncha ya juu ya kijistari kilichosimama juu yake, kisha ncha ya chini. Kijistari hicho huonyesha mavuno ya shamba moja na jingine yalitofautiana kiasi gani. Watafiti wana jina lake refu. Yeye anakiita masharubu.

"Yakiwa mafupi, mashamba yanakubaliana. Yakiwa marefu, kila shamba lina lake," anasema bila kuinua macho.

Grafu hizo ni za majaribio ya ulezi yaliyofanywa Ufipa miaka ya themanini. Madaftari ya namba yaliliwa na mchwa, zikabaki picha tu ndani ya ripoti. Kundi la watafiti wa udongo linamlipa shilingi elfu tatu kwa grafu, na umeme ukiwa na huruma humaliza nane kwa siku. Si utajiri, jamani. Lakini mama huyu wa watoto wawili, aliyechapa barua za watu kwenye stesheneri kwa miaka sita, hafichi kwamba kazi hii anaipenda mno.

Asije mtu akadhani ni kubofya tu. Machi mwaka huu nusura kazi imponyoke.

Kwa tahadhari, kila grafu hupewa watu wawili, kila mmoja kivyake, halafu majibu hulinganishwa. Mwenzake ni Cleophas, fundi simu wa Kizwite. Majibu yao yalilingana hata mkuu wa kundi, Dokta Fortunata, akawasifu. Grafu thelathini na nane zikapita.

Ya thelathini na tisa ilikuwa na mvua ya kila mwaka imechorwa chini yake, miaka yenyewe ikiwa imeandikwa. Avelina akaona masharubu marefu kuliko yote yamekaa juu ya mwaka wa mvua tele, na mwaka wa ukame una mavuno ya kujaza ghala. Akaangalia tena. Yeye, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Mwazye, anajua kwamba ukame ndio unaotenganisha mashamba: la bondeni linapata, la mlimani linakosa.

Akasogeza vitone vyote nyuma mwaka mmoja. Kila kitu kikakaa mahali pake.

Ripoti zilisema majaribio yalianza mwaka 1983, na grafu zile za awali ziliandika tu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa Mfipa, shamba huanza siku unapofukia nyasi kwenye matuta ya duara, ntumba, zioze humo. Ulezi hauji mpaka msimu unaofuata, matuta yakishasambazwa. Kwa hiyo Avelina aliandika mavuno ya kwanza 1984. Watafiti wa zamani walikuwa wameanza kuhesabu kwenye ulezi wenyewe; kwao 1983 ulikuwa tayari mwaka wa mavuno. Cleophas, naye Mfipa, alikosea vilevile, ndiyo maana kosa halikuonekana.

Alipompigia simu, Cleophas alishauri wanyamaze, kwani nani angejua? Avelina anakiri kwamba ushauri ulimvutia. Aliogopa kurudi stesheneri, aliogopa kweli. Lakini jioni hiyo hiyo akamwandikia Dokta Fortunata kila kitu.

Siku ya tatu simu ikaita. Dokta hakugomba. Aliuliza swali moja: huo mwaka wa nyasi, kwenye ripoti umeandikwa wapi? Haukuandikwa popote. Wakarudia grafu zote thelathini na nane, na jedwali likaongezwa safu mpya: mwaka wa kufukia nyasi.

Mama yake, Bi Mariana, aliposimuliwa habari hiyo huko Mwazye alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa walidhani ule ulezi ulikula nini?" aliuliza.

Safu hiyo mpaka leo ni tupu. Avelina ameomba, na amekubaliwa, kwenda mwenyewe kuijaza. Mwezi ujao, mavuno yakishaingia ndani, atapita nyumba kwa nyumba kuwauliza waliolima mashamba yale ya majaribio. Orodha yake ina majina kumi na tisa. Mama yake amempa habari kwamba walio hai ni saba.

"Ningekuwa na uwezo ningeondoka kesho," anasema. "Kubofya kunasubiri. Hao saba hawasubiri."